Mashine Haiharibiki Siku Moja

Iko kauli moja iliyozoeleka mno katika nyumba za mji wetu wa Morogoro, nami naipinga. Mashine ya kufulia inapokwama, mwenye nyumba husema, "Imeharibika ghafla." Baada ya hapo hutafutwa mtu wa kubebeshwa lawama, na aghalabu mtu huyo ni binti wa kazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu nayo. Nathubutu kusema kwamba mashine ya kufulia huharibika ghafla mara chache sana, kwa mfano umeme unaporudi kwa nguvu ukaunguza mitambo yake. Mara nyingi hutoa dalili wiki nyingi kabla ya kusimama, na dalili hizo yuko mtu aliyeziona. Kinachotushinda ni kumsikiliza mtu huyo.

Tuanze na dalili zenyewe, maana si vema kubishana juu ya jambo tusilolijua.

Ziko dalili ambazo hazihitaji fundi hata kidogo. Mashine ikichukua muda mrefu kujaa maji, usikimbilie kusema imekufa. Wakati wa masika mito yetu hushuka kutoka Uluguru ikiwa imebeba udongo wa mashamba ya milimani, na sehemu ya udongo huo huweza kufika hadi kwenye bomba la nyumba. Funga bomba, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, nawe utaona kichujio kidogo cha wavu. Kikiwa kimejaa tope, kioshe kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Vilevile maji yakigoma kutoka, au nguo zikitoka zinachuruzika, kwenye mashine nyingi zinazofunguliwa kwa mbele kuna kifuniko kidogo chini, pembeni. Nyuma yake umo mtego wa pampu, na humo utakuta sarafu, vifungo, pini za nywele na nyuzi. Kinga maji kwa beseni, usafishe, ufunge. Na mashine ikirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, kwanza itazame miguu yake kama imekaa sawa sakafuni, kisha utazame mzigo: blanketi moja zito lililolowa na kujikusanya upande mmoja linatosha kuitikisa. Ikiwa ni mpya, hakikisha zile bolti za kushikilia pipa wakati wa safari zimeondolewa nyuma. Wako watu wameitumia mashine na bolti zake, kisha wakailaani.

Ziko dalili nyingine ambazo maana yake ni fundi, na haraka. Ya kwanza ni mngurumo. Mashine inapokamua, yaani pipa linapozunguka kwa kasi kuondoa maji, sauti yake ya kawaida ni ya uvumi tu. Ikianza kunguruma kama lori linalopanda mlima, na mngurumo ukawa unaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, shuku beringi. Ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, ambao mafundi huuita sili, umechoka. Maji yamepenya, yameosha grisi, na kutu imeanza. Njia ya kupima ni rahisi. Chomoa waya wa umeme, fungua mlango pipa likiwa tupu, ulishike pipa la ndani kwa juu na kulisukuma juu na chini. Likicheza peke yake huku lile la nje limetulia, au ukilizungusha kwa mkono likasaga kama jiwe la kusagia, basi ugonjwa umeujua. Ukimwita fundi wakati huo, atabadilisha beringi na sili, vifaa ambavyo namba zake zimeandikwa ubavuni na ambavyo huuzwa katika maduka ya vipuri. Ukingoja, pipa litaanza kugonga, ekseli italika, na gharama itakaribia bei ya mashine nyingine.

Ya pili ni harufu ya kuungua, iwe ya mpira au ya waya. Ya tatu ni maji chini ya mashine, ambayo huweza kutokana na mpira wa mlango uliochanika au mpira wa maji uliopasuka. Ya nne ni umeme wa nyumba kukatika kila mashine inapoanza kuchemsha maji, kwa sababu koili ya kuchemshia imeanza kuvujisha umeme. Ya tano, iliyo mbaya kuliko zote, ni anayefua kusikia mwili unasisimka akigusa bati la mashine. Hapo hakuna kungoja mwisho wa mwezi. Zima kwenye swichi ya ukutani, chomoa, na asiguse mtu mpaka fundi wa umeme aitazame mashine pamoja na waya wa ethi wa nyumba.

Sasa nauliza: katika nyumba zetu, ni nani anayesimama karibu na mashine wakati inakamua? Baba yuko kazini. Mama yuko dukani au ofisini. Aliyepo ni binti aliyeletwa kutoka Mgeta, Kinole au Matombo, aliyekuwa akifua kwa mikono mtoni, na ambaye ndani ya mwezi mmoja ameijua sauti ya mashine hiyo kuliko aliyeinunua.

Mwaka uliopita niliitwa kusuluhisha katika nyumba moja ya jirani zangu. Mashine ilikuwa imekwama, na binti alikuwa amekatwa mshahara wa miezi miwili. Nilimwuliza kama aliona dalili yoyote. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Babu, nilimwambia Mama inanguruma. Akaniuliza nimeifanya nini. Sikusema tena." Fundi alipofungua nyuma, tulikuta mstari wa kutu umeteremka kutoka kwenye ekseli mpaka chini. Kutu ya namna ile haitengenezwi na mtu kwa kiganja chake, wala haiji kwa wiki moja. Mshahara ulirudishwa, lakini binti hakukaa; aliondoka kwao mlimani kabla ya mwezi kwisha, na sikumlaumu.

Watanijibu kwamba mabinti hawa kweli huharibu vitu, kwamba hujaza nguo kupita kiasi na kusahau sarafu mifukoni. Sikatai. Lakini sarafu zile ni za mifuko ya nani? Na ni nani aliyewahi kukaa naye nusu saa akamwonyesha kipimo cha nguo na cha sabuni? Zaidi ya hayo, anayeogopa kukatwa mshahara hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Ataona maji sakafuni, atayapangusa. Atasikia harufu ya kuungua, atafungua dirisha. Hivyo adhabu ileile inayodhaniwa kulinda mashine ndiyo inayoiua, na siku ya hitilafu ya umeme huenda ikamwua binti mwenyewe.

Isitoshe, makato hayo ya kiholela hayana uhalali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa kitu kilichoharibika mpaka uharibifu uwe umetokana na kosa lake, awe amepewa nafasi ya kujieleza, awe amekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Binti wa kazi naye ni mfanyakazi.

Mafundi nao nawasema. Fundi mzuri huuliza kabla ya kushika bisibisi: ilianza lini, inalia ikijaza maji, ikifua au ikikamua? Lakini nimewaona wakimwuliza mwenye nyumba, naye akajibu kwa kubahatisha, huku yule anayejua jibu ametumwa jikoni kuchemsha chai. Matokeo yake hubadilishwa pampu isiyo na kosa.

Tabia hii ya kutomwuliza anayeshika kazi si ngeni katika milima hii. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao. Wenye majembe waliona mapema kwamba kazi ile ilikuwa inafukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu ya ule mzuri. Walipolalamika waliitwa wakaidi. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Tunawalaumu wakoloni kwa jambo hilo, na ni haki yetu. Basi tusiwe wakoloni wadogo katika vyumba vyetu vya kufulia.

Napendekeza mambo mawili, na yote ni ya gharama ndogo. Katika shule nilizoongoza, kila pampu na kila jenereta vilikuwa na daftari lake, na mwanafunzi wa zamu aliandika alichokisikia au kukiona, hata kama hakujua maana yake. Hakuadhibiwa kwa alichoandika. Aliadhibiwa kwa alichoficha. Weka daftari la namna hiyo juu ya mashine, na kama binti hajui kuandika, mfundishe, litakuwa jambo jema mara mbili. La pili ni swali. Siku atakapokuja na kusema, "Mama, mashine inanguruma," usimwulize ameifanya nini. Mwulize inanguruma wakati gani, kisha acha ulichokuwa unakifanya, mfuate, mkaisikilize pamoja.