Makuta ya Mashini: Yabaki au Yarudishwe?



Siku ya posho tutakaa wote kwa kukata shauri juu ya makuta ya mashini ya fotokopi. Wengi wanasema turudishiwe. Miaka miwili tunatoa, mashini haiko, na tangu Noeli hatujaona hata karatasi moja ya hesabu. Sisi wa darasa la mwisho tutatoka hapa mbele mashini haijafika, kwa hiyo watu wanafikiri sisi ndio tutapiga kelele kupita wote. Hapana. Tunasema makuta yabaki, lakini si bure bure.

Hii fotokopi yenyewe ilizaliwa kwa kungojea. Mmarekani mmoja, Chester Carlson, alikuwa anatumika katika biro ya hati za uvumbuzi, na kila mara alikosa nakala za kutosha. Tarehe 22 Oktoba 1938, kule Astoria katika mji wa New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua kibao cha zinki kilichopakwa salfa, wakakisugua na kitambaa kipate umeme, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi, wakawasha taa. Pahali mwangaza ulipopiga, umeme ulitoka. Chini ya maandishi ulibaki. Wakanyunyiza unga, unga ukashika yale maandishi tu, wakaupokea kwenye karatasi yenye nta. Basi. Zile mashini tunazozilipa pa soko zinafuata njia ileile.

Kutoka 1939 mpaka 1944 kompani zaidi ya 20 zilimukatalia, hata IBM na General Electric. Kisha shirika la uchunguzi Battelle, kule Ohio, likamusaidia, na kufika 1947 kompani ndogo ya Rochester, jina lake Haloid, yenye kutengeneza karatasi za picha, ikaingia ndani ya kazi. Mashini nzuri ya biro, ile waliyoiita 914, ilitoka 1959. Hesabuni wenyewe: miaka 12! Kati ya 1947 na 1960 Haloid ilikula karibu dola milioni 75 juu ya uchunguzi huu, karibu mara mbili ya faida iliyopata katika biashara yake ya kila siku. Wenye hisa, ndio wale waliotoa makuta yao ili wawe na sehemu katika kompani, waliweza kuuzisha hisa na kwenda zao. Kwa nini wengi walibaki?

Wengine watajibu upesi: mvumilivu hula mbivu. Sisi hatuamini kama ni methali tu iliyowashika. Anayengojea embe anaenda kutazama muti. Na wale walitazama. Tarehe 22 Oktoba 1948 kazi ilionyeshwa mbele ya watu kule Detroit, katika mkutano wa chama cha wenye elimu ya mwangaza cha Marekani. Mwaka 1949 mashini ya kwanza ikauzishwa. Ilikuwa ya mikono, polepole, yenye taabu, na mabiro hayakuipenda. Lakini watu wakavumbua kama inafaa sana kutengeneza karatasi-mama za mashini za kuchapisha, yaani ndugu ya hii stansili yetu, na makuta kidogo yakaingia. Mwaka 1955 ikaja nyingine, Copyflo. Tena karatasi za picha ziliendelea kuleta mkate. Kumbe hawakukaa gizani miaka 12. Kila kipindi kulikuwa kitu cha kushika na mkono.

Na ile 914 ilipofika haikuwa malaika. Ilikuwa na uzito wa kilo 294, na kwa sababu mara ingine iliunguza karatasi, waliweka ndani yake kizima-moto kidogo! Lakini mwaka 1959 kompani iliuzisha kwa dola milioni 33 hivi, na 1966 kwa zaidi ya milioni 500. Jina lake lilikuwa limekwisha kugeuka Xerox.

Lakini tusidanganyane. Kampuni Polaroid, ya Marekani vilevile, ilitoa mwaka 1977 sinema ya papo kwa papo, Polavision. Watu walikuwa wanaanza kutumia kanda za video, hawakuitaka, na mwaka 1979 kompani ikafuta karibu dola milioni 68. Pale kungojea miaka kumi zaidi kusingesaidia kitu.

Sasa yetu. Kamati ya mashini inatuambia «ngojeni» na kunyamaza. Hiyo si kungojea, ni kulala. Tunaomba jumla ya makuta ibandikwe kwenye mulango wa kila darasa, kila mwisho wa mwezi. Tunaomba watuambie umeme utatoka wapi, maana mashini bila kura ni meza tu, na hakuna aliyetaja bei ya mafuta ya moteri. Na katika kungojea, sehemu ndogo ya makuta inunue stansili na karatasi, ili wadogo zetu wapate maswali ya mitihani ya Serikali ya miaka iliyopita mbele ya Pasaka. Hicho watakiona na macho.

Makuta tuliyotoa sisi wakubwa tunawaachia. Wa darasa la kwanza nao wapige kura, kwa kuwa ndio watakaotumia hiyo mashini. Na siku ya posho, anayeshika buku ya hesabu akuje nayo.

Kwa jina la makapita,
Kapita wa shule, darasa la mwisho