Maoni: Kiingereza cha Kisangani kipitie Kiswahili

Mtu anayetafuta Kiingereza mjini Kisangani hakosi pa kwenda. Katika tarafa ya Makiso, mabango ya vituo binafsi vya lugha yamebandikwa kando ya maduka ya simu, kwenye kuta za makanisa na kwenye milango ya shule zinazokodisha vyumba vyao jioni. Wanaoingia ni watu wa kila aina: mwanafunzi wa UNIKIS, mama anayeagiza bidhaa Kampala, kijana anayeomba kazi kwenye mashirika ya misaada. Na katika baadhi ya vituo hivyo, mwalimu ametoka ng'ambo ya mpaka.

Nimefuata masomo ya mmoja wa walimu hao kwa miezi kadhaa. Ni Mganda. Alikuja kwa mkataba mfupi, akauongeza mara mbili, na anasema hajawahi kufundisha watu wenye hamu kama watu wa Boyoma. Kazi yake imefaulu, na sisi tumefaidika. Lakini sababu ya kufaulu kwake ni tofauti na ile inayotangazwa kwenye mabango.

Mabango yanaahidi mwalimu mgeni na darasa lisilotumia lugha nyingine yoyote. Ndivyo alivyoanza, na darasa likawa kimya. Wanafunzi walipokwama walinong'onezana kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye haijui. Mambo yalibadilika siku alipoanza kuomba maneno ya Kiswahili kutoka kwetu na kuyaandika ubaoni pembeni mwa yale ya Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, tukamcheka, naye akacheka. Tangu hapo hakuna aliyeona haya kukosea Kiingereza mbele yake.

Urafiki ulisaidia, lakini sarufi pia ilisaidia. Mfaransa husema "je lis" kwa mambo mawili: kitabu alichonacho mkononi sasa, na tabia yake ya kusoma kila siku. Kiingereza hutenganisha: "I am reading", kisha "I read". Kiswahili nacho hutenganisha: ninasoma, halafu husoma. Vivyo hivyo "j'ai mangé" hubeba maana ambazo Kiingereza huzigawa kati ya "I have eaten" na "I ate". Kwetu ni nimekula na nilikula. Hata Kiswahili cha mitaani Kisangani, ambacho hakipendi sana "-me-", kina "nilisha kula". Mwanafunzi anayepitia Kifaransa huhangaika na tofauti hizo kwa miaka. Anayeanzia Kiswahili anakuta tayari anazo kinywani.

Siwezi kudai kwamba Kifaransa hakina faida. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka huko, na anayejua "gouvernement" au "éducation" hana kazi kubwa kutambua ndugu zake. Kiswahili nacho kina mitego: "yeye" wetu ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana tunawachanganya "he" na "she" hata baada ya miaka. Lakini Kifaransa pia hudanganya. Wengi wetu tulidhani "library" ni duka la vitabu kwa sababu ya "librairie", kumbe ni maktaba. Ninachosema ni kwamba watu wengi wanaokuja jioni, hasa wafanyabiashara, hawakumaliza shule ya Kifaransa. Kuwafundisha lugha ya kigeni kwa kupitia lugha nyingine ya kigeni ni kuwatoza ushuru mara mbili.

Faida haikuwa ya upande mmoja. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, lakini kwa muda mrefu kilibaki kwenye karatasi, kwa kuwa Waganda wengi walikihusisha na askari na mabavu. Julai 2022 baraza la mawaziri la Kampala liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Mwalimu wetu atakaporudi kwao atakuwa na lugha ambayo serikali yake sasa inaitaka, na aliipata hapa, kati ya Makiso na Mangobo, kwa watu waliomlipa wawafundishe.

Mganda kufundisha Kisangani, hata hivyo, si jambo jepesi. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huu. Mamia ya raia waliuawa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, na hapa mjini wahanga bado wanazungumzia fidia kila siku. Papa mmoja darasani alimwuliza mwalimu alikuwa wapi mwezi ule. Alijibu kwamba alikuwa mtoto wa shule, kisha akauliza yeye papa alikuwa wapi. Papa alieleza kwa Kiswahili, na alipoishiwa nguvu wengine wakamsaidia. Masomo ya siku ile hayakuendelea. Fidia haiwezi kufanya kazi ya mazungumzo yale, na mazungumzo hayaondoi deni la fidia. Tunahitaji vyote viwili.

Wapo wanaouliza kwa nini tulete wageni ilhali chuo cha ualimu cha ISP na UNIKIS vinatoa wahitimu wa Kiingereza. Swali ni la haki, hasa pale mgeni anapolipwa zaidi ya mwenyeji mwenye shahada ileile. Jibu langu ni kuwaweka pamoja. Mgeni analeta sikio na ulimi vya mtu aliyesoma masomo yake yote kwa Kiingereza. Mwenyeji anajua mwanafunzi atakwama wapi kabla hajakwama. Kituo kinachomlipa mmoja na kumwacha mwingine nje kinapoteza nusu ya somo.

Sheria haituzuii. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na nyaraka nyingi za jumuiya hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wetu asiyezisoma atabaki kutegemea wakala wa forodha amwambie anadaiwa nini.

Kwa hiyo wenye vituo waache kutangaza marufuku ya Kiswahili darasani kana kwamba ni sifa. Wampe mwalimu mgeni mwezi wa kwanza wa kujifunza Kiswahili chetu, na wamweke pamoja na mwalimu wa hapa kwa mshahara unaolingana. Nayo serikali ya jimbo la Tshopo iandike wazi karatasi anazohitaji mwalimu huyo na bei yake, ili asizungushwe ofisi hadi ofisi. Walimu wazuri huambiana wapi walipokelewa vizuri, na Kisangani ina sababu ya kutaka kutajwa.