Aliyerudi Kazini Ahesabiweje?



Juma lililopita alitujia baba mmoja, mtunza ghala, na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mwaka 1987 aliandikwa kazi katika duka moja kubwa la Uvira. Oktoba 1996, vita vilipouangukia mji, alivuka ziwa pamoja na jamaa yake hata Kigoma, akakaa kambini Nyarugusu. Mwaka 2005, meli zilipoanza kuwarudisha wakimbizi toka Kigoma hata Baraka, naye alirudi. Tajiri wake alimpokea kwa furaha, akampa tena funguo za ghala. Lakini katika daftari alimwandika kama mgeni, kwa ujira wa kijana anayeanza. «Je,» akatuuliza, «ile miaka yangu tisa imezama ziwani?»

Swali hili si lake peke yake. Kila akaaye katika bonde la Ruzizi ajua Kiliba, kiwanda cha sukari kilichojengwa katika miaka ya 1950. Mwaka ule ule wa 1996 kazi ilisimama, nao waliojua kupika sukari wakatawanyika, wengine wakashika jembe, wengine wakavuka mipaka. Tangu hapo habari za kukifufua zimesikika mara kadhaa. Wazee wanaozisikia hawatazamii kazi tu, bali kuhesabiwa.

Sisi twaona hivi. Tajiri amrudishaye mtu wa zamani hapati mtu mpya. Hana haja ya kumfundisha mahali pa kuweka magunia ya chumvi yasilowe, wala kumwonyesha ni mteja gani hulipa kwa wakati. Faida hiyo huipokea tangu asubuhi ya kwanza. Basi, akiipokea faida ya miaka ile, kwa nini aikatae hesabu yake?

Twajua matajiri watajibu ya kwamba wao pia waliporwa. Ni kweli, tena wengine walianza upya na meza moja sokoni. Hatusemi walipe yote kwa siku moja. Ngazi ya mshahara yaweza kupandishwa polepole kwa mapatano. Lakini tarehe ya kwanza na iandikwe.

Tena yuko yule aliyetoka kwa hiari yake, akifuata ujira mnono. Huyo ni mwingine. Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, na siku hizo mtu huweza kuhamia chombo cha jirani. Akirudi, mwenye chombo mwenye akili hamtukani, humpa kasia. Ila hamketishi mahali pa yule aliyebaki siku ambazo wavu ulitoka mtupu. Waliobaki wakinung'unika hapo, twawaunga mkono.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaijua njia ya kurudi. Aliyeachishwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa. Asiporudishwa, baraza la kazi humkadiria fidia isiyopita mishahara ya miezi 36. Yamtaka pia tajiri ampe mtu anayetoka hati ya kuonyesha kazi aliyofanya na muda wake. Lakini nani aliomba hati Oktoba 1996, risasi zikilia?

Kwa hiyo yule aitwaye tena kazini na aulize kabla ya kutia sahihi: nitaandikwa tangu lini? Na miezi yangu ya zamani, ilitangazwa katika CNSS, iliyoitwa zamani INSS? Akinyamaza siku hiyo, atapata shida kusema siku ya kustaafu.

Baba yule alitufungulia mfuko wake wa plastiki. Karatasi za mshahara zimebaki nne, moja imeliwa na mchwa, na tarehe ya kuanza haisomeki. Tumemwambia awatafute wenzake wawili wa wakati ule, walio hai, waandike ushuhuda wao na kutia sahihi, naye aende nao kwa tajiri. Mmoja amekwisha kuonekana, yuko Kalundu.