Kombi Kuukuu Uani

Kombi la Volkswagen lilianza kuundwa mwaka 1950, na la mwisho likatoka kiwandani Brazil mwaka 2013. Hata leo familia hulitamani: kulala humo, kupika humo, kusafiri pamoja. Lakini gari lililoishi miaka mingi Mombasa, hata likipandishwa Machakos kwenye hewa kavu, hufika na chumvi ya bahari ndani ya maungio ya bodi. Unyevu mdogo tu hutosha kuiendeleza kutu.

Fundi mwenye haraka hupaka puti juu ya kutu, na rangi juu ya puti. Gari litang'aa kwa muda, kisha rangi itavimba, kwani kutu huzidi kula hata ikifichwa. Matengenezo ya haki ni kukata bati lililooza hadi kufikia chuma kizima, kuchomelea bati jipya, kupaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na tangi la petroli liondolewe.

Kina mama, hapa pana neno lenu. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto wadogo. Basi msasa usipigwe pakavu, bali rangi ilowanishwe kwanza. Watoto wakae mbali. Na baba avue nguo za kazi, anawe, ndipo ambebe mtoto. Kombi likichelewa mwezi mmoja, safari haiharibiki.