Mganga hajigangi: muuguzi akipasuliwa ng'ambo, Buterere ataangaliwa na nani?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Bujumbura, ambako watu wengi humwita "muganga" kila avaaye joho jeupe, awe daktari au muuguzi, msemo huo una uzito wa pekee. Muuguzi wa Buterere anayekesha na mama mwenye uchungu, kisha asubuhi akarudi nyumbani kwa miguu, naye ana mwili wake, na mwili huo unaweza kumlemea. Magoti yanauma, presha inapanda, sukari inaanza kuonekana. Anajua dawa za wote, lakini yake haioni karibu.

Siku hizi upo upasuaji wa kupunguza unene, na muuguzi ni mtu wa kwanza kuujua. Uchambuzi huu hauulizi kama upasuaji huo ni halali au ni anasa. Unauliza jambo ambalo msomaji aliyezoea kuvuka Kobero au Mugina ataliona haraka: mgonjwa akishapasuliwa nchi ya pili na kurudi kwake, faili lake linarudi naye?

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia unene nchini Burundi ni dhihaka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Hoja hiyo ni nzito, ila haifuti nyingine. Wataalamu wanaeleza kuwa mtoto aliyedumaa, akikua na kuhamia mjini kwenye mafuta, soda na kazi ya kukaa, yuko katika hatari zaidi ya kunenepa na kupata kisukari. Njaa na unene vinaweza kulala nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na unene wa kupindukia.

Kwa wauguzi, kazi yenyewe inachangia. Zamu za usiku huvuruga usingizi, na usingizi ukivurugika hamu ya chakula nayo huvurugika. Mtu anakula anapopata nafasi, si anapohisi njaa. Saa nane za usiku kilichopo ni mandazi na chai yenye sukari nyingi. Tatizo hili si la Afrika peke yake. Utafiti uliochapishwa 2017 nchini Uingereza ulikuta kuwa muuguzi mmoja kati ya wanne huko alikuwa na unene wa kupindukia.

Upasuaji wenyewe ni wa namna mbili kubwa. Ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula, likabaki kama mrija mwembamba. Ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo. Puto linaloingizwa kwa njia ya mdomo, kama linavyowekwa katika Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji. Hukaa kwa miezi kadhaa kisha hutolewa.

Si kila mnene anastahili kupasuliwa. Kipimo ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Miongozo ya tangu 1991 ilidai 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hiyo viliishusha hadi 35 bila sharti la maradhi. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160, hiyo ni kama kilo 90.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa Buterere aliyeamua kusafiri. Anaishi jirani na uwanja wa ndege, lakini kwa mshahara wake huenda akapanda basi. Fedha atazitafuta kwa ndugu na kwa kikundi cha kuchangiana, na kila mfanyabiashara wa mpakani anajua umbali uliopo kati ya dola ya benki na dola ya mtaani. Kabla ya kupasuliwa atapimwa damu, moyo na sukari, ataagizwa kuacha sigara kama anavuta, na kwa wiki mbili hivi atapunguza wanga ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanyia kazi. Mwanamke hushauriwa asibebe mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya hapo. Haya yote muuguzi anayaelewa. Maandalizi ndiyo sehemu anayoimudu.

Ugumu unaanza akirudi. Hospitalini hukaa siku chache tu. Wiki mbili za kwanza ni vinywaji, kidogo kidogo kama anayeonja. Kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini, na baada ya miezi miwili hivi ndipo chakula cha kawaida. Protini anayohitaji ni walau gramu 60 kwa siku, nayo kwa tumbo dogo si mchezo. Hapa samaki wa ziwani, mayai na maharage yaliyopondwa vina faida kuliko ugali wa muhogo uliojaa sahani. Vitamini na madini atameza maisha yake yote. Vipimo vya damu vinatakiwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka.

Sasa fikiria usiku mmoja, wiki ya tano. Muuguzi huyu ametapika siku nne mfululizo. Jirani wanambeba hadi zahanati ya karibu. Zamu anayo kijana asiyejua chochote kuhusu upasuaji ule. Anafanya alilofundishwa: anamtundikia serumu ya sukari. Kwa mgonjwa wa kawaida hilo ni jambo jema. Kwa aliyepunguzwa tumbo na kutapika muda mrefu, vitamini B1 huenda imekwisha mwilini, na sukari ikitangulia kabla ya vitamini hiyo inaweza kuharakisha madhara ya ubongo na mishipa ya fahamu. Sindano ya B1 si dawa ya ajabu wala si ya bei ya kutisha. Kinachokosekana ni mtu wa kuambiwa kwamba itangulie.

Mfano wa pili. Mgongo unauma, na duka la dawa linampa diclofenac au ibuprofen. Kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo, dawa hizo zinaweza kuleta vidonda na kutoka damu. Mfano wa tatu: dawa zake za kisukari zimebaki kipimo kile kile wakati chakula kimepungua mno, na sukari ikashuka hadi akazirai. Katika mifano yote mitatu daktari aliyepasua hana kosa, na kijana wa zamu hana kosa. Kilichopungua ni karatasi.

Gunia la mchele likivuka Kobero huambatana na hati zake, na bila hati haliendi popote. Mgonjwa huvuka mikono mitupu, au na barua asiyoweza kuisoma yule anayepaswa kuisoma. Dar es Salaam na Nairobi huandika faili kwa Kiingereza. Hospitali za Bujumbura hufanya kazi kwa Kifaransa. Waliorejea kutoka ukimbizini wanalijua tatizo hili tangu walipokuja na vyeti vya shule vya lugha nyingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Tumezungumza sana kuhusu bidhaa na wafanyakazi. Mgonjwa anayerudi nyumbani akiwa na mshono tumboni tumemzungumzia kidogo mno.

Tena mpaka si mlango unaokaa wazi siku zote. Machi 2020 uwanja wa ndege wa Bujumbura ulifungwa kwa sababu ya korona, ukafunguliwa tena Novemba. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Aliyekuwa na miadi ya kurudi kwa daktari wake Kigali mwezi Februari angefanya nini? Biashara ikikwama hupata hasara ya fedha. Matibabu yakikwama hasara yake ni nyingine.

Lipo na jambo la aibu. Mtu akikonda haraka mtaani kwetu, minong'ono huanza: ana UKIMWI, karogwa, mumewe kamkimbia. Muuguzi anayeogopa minong'ono hiyo huficha upasuaji hata kwa wenzake kazini. Siri hiyo ni haki yake mbele ya majirani. Mbele ya daktari wa kumfuatilia ni hatari. Naye kwa kuwa ni muuguzi, huelekea kujitibu mwenyewe, kujichoma sindano mwenyewe na kupuuza homa au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, dalili ambazo kwa mgonjwa mwingine angezipigia kelele. Mwajiri naye humrudisha kazini mapema, ilhali kuinua vitu vizito kunapaswa kusubiri wiki nne hadi sita, na kazi ya muuguzi ni kuinua watu.

Yanayohitajika si makubwa. Anayesafiri asipande basi kabla ya kupata daktari mmoja Bujumbura aliyekubali kumpokea akirudi. Asitoke hospitali ya ng'ambo bila barua yenye aina ya upasuaji, dawa anazotumia, dawa za kuepuka na tarehe za vipimo, na barua hiyo itafsiriwe kwa Kifaransa. Nakala abaki nayo mtu wa nyumbani, si yeye peke yake, kwa maana anayezirai hasomi barua. Aulize bima yake kwa maandishi, kabla ya safari, itabeba nini. Mwajiri ampe likizo ya kweli na kumwondoa zamu za usiku kwa muda.

Wizara za afya za Jumuiya nazo zikubaliane juu ya fomu moja ya mgonjwa anayerudi kwao, kwa lugha zinazotumika pande zote. Kama gunia limepata fomu, binadamu hawezi kukosa. Mganga hajigangi, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumwacha yule aliyewaganga wengine arudi nyumbani bila mtu wa kumganga.