Je, Injini Iliyobadilishwa Moto Imeharibiwa?

Wako watu, na wengi wao ni wapenzi wa kweli wa gari la moshi, wasemao kwamba injini 4014 ya Marekani, ile iitwayo Big Boy, iliharibiwa ilipoachishwa makaa ya mawe ikapewa moto wa mafuta. Wasema, heri ingaliachwa vile ilivyokuwa. Neno hilo silikubali hata kidogo.

Maana ilikuwaje? Ilifanyizwa Schenectady mwaka 1941, moja katika 25. Pamoja na behewa lake la maji na makaa, urefu wake wapata mita 40, na uzito wapita tani 500. Jitu kama hilo, baada ya kazi yake ya kuvuta mizigo kukoma mwaka 1959, lilisimama Pomona, California, kwa miaka zaidi ya 50, likipakwa rangi na kupigwa picha. Walilitunza vema, sikatai. Lakini injini isiyo na moto ni chungu kisichopikiwa.

Hata kuihamisha kulitaka subira. Mahali iliposimama palikuwa mbali na njia kuu. Basi walitandika vipande vya reli mbele yake, ikavutwa juu yake, kisha vya nyuma wakaving'oa na kuvitandika mbele tena. Mwaka 2014 ikafika Cheyenne, Wyoming. Huko ikafunguliwa kipande kwa kipande, na mwezi wa Mei 2019 ikatoka kwa nguvu zake yenyewe.

Sasa watu wanalilia makaa! Makaa hutupa cheche penye nyasi kavu. Hutaka vituo vya kuyapakia na mashimo ya kumwagia majivu, navyo karibu vyote vimekwisha kuondolewa njiani. Tena kinachosukuma pistoni ni mvuke, wala mvuke hauulizi umechemshwa kwa nini. Sisi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Zile Garratt 34 za daraja la 59, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapanda kutoka Mombasa hata Nairobi na mizigo mizito, zilichoma mafuta tangu mwanzo. Mojawapo, 5918, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Ni nani aliyepata kusema kwamba hiyo si injini ya mvuke?

Wanaotaka makaa yarudi na watuonyeshe kwanza mahali pa kuyapakia.