Baiskeli Milimani: Tuanze na Breki

Kuteremka mlima kwa baiskeli ni kazi ya breki kabla ya kuwa kazi ya miguu. Wananchi wa Babati hawana haja ya kufundishwa jambo hilo. Yeyote azijuaye njia za Mlima Kwaraa, au ukingo wa Bonde la Ufa kule Dareda ambako barabara hupanda kuelekea Dongobesh na Mbulu, amekwisha kumwona kijana aliyefunga gunia la mkaa kwenye kareri, akiteremka huku soli ya kandambili yake ikilisugua tairi, kwa sababu mpira wa breki ulikwisha zamani. (Habari ya mkaa wenyewe tutaijadili siku nyingine.) Baiskeli yake ni Phoenix nzito isiyo na gia, na kona za njia anazijua kwa kichwa.

Hata hivyo wapo miongoni mwetu, wakiwamo watumishi wenye dhamana, wanaouona mchezo wa baiskeli za milimani kuwa starehe ya wageni, na baiskeli ya kijana huyu kuwa alama ya ufukara. Dharau hiyo haina msingi. Mwaka 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax, California, vijana walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi yenye mteremko mkali. Walitumia baiskeli kuukuu na nzito, nyingine za miaka ya 1930. Breki iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi ikageuka moshi, ikalazimu kufungua kitovu na kukijaza grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani jaza tena. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo uliotokana na vyuma vile chakavu uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Mmoja wa mafundi waliounda fremu za mwanzo za mchezo huo, Tom Ritchey, alizuru Rwanda mwaka 2005. Mwaka uliofuata yakafanyika huko mashindano yaliyowashirikisha pia waendeshaji wa baiskeli za mbao, zile ambazo wakulima hubebea mizigo vilimani, na zikabuniwa baiskeli ndefu za kubebea kahawa. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Hatudai kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Lakini jirani zetu hawakuionea haya baiskeli ya mkulima.

Na sisi je? Desemba 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walifika na baiskeli zao kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ingawa kwa sehemu kubwa ya safari ni baiskeli zilizowapanda wao mabegani. Leo njia ya Kilema katika mlima huo hutumiwa na waendesha baiskeli. Si ajabu basi kwamba siku moja wafanyabiashara wa utalii watautazama pia Mlima Kwaraa, ulio juu ya mji wa Babati kwa karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Tunauliza mapema: njia hizo zitakuwa za nani?

Mfano tunao hapa hapa wilayani. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa usimamizi wa msitu huo, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao wenyewe. Njia yoyote ya baiskeli katika vilima vyetu haina budi kupitia mkutano mkuu wa kijiji, na ada yake iingie katika mfuko wa kijiji. Bwana misitu naye awepo inapochorwa. Njia inayoteremka moja kwa moja hugeuka korongo baada ya mvua chache. Yafaa ikate mlima kwa ubavu na kuwa na michirizi ya kutolea maji. Aliyesahau jinsi ardhi inavyokwenda na maji aende jirani Kondoa, ambako mwaka 1973 ilibidi Serikali ianzishe mradi wa HADO kuyaokoa makorongo yale.

Lakini kabla ya mgeni yeyote kufika, yupo kijana wa Dareda na gunia lake, na yupo mwanafunzi anayeteremka kila asubuhi kwenda sekondari ya kata. Tunawataka maofisa michezo wa halmashauri wawakusanye vijana hao na kuwaandalia mashindano ya kuteremka, bila mzigo, na kwa sharti moja: hakuna kushiriki bila breki mbili nzima. Walimu nao wazikague baiskeli za wanafunzi kama wanavyokagua kucha na sare, na mafundi wa mjini waalikwe shuleni kuonyesha jinsi ya kubadili mpira wa breki na kukaza spoku. Kazi hiyo ianze kabla ya masika, maana rimu iliyoloa maji haishikiki upesi hata kwa breki mpya.